Kitunga Hupimwa Mgongoni kwa Mwenyewe

Vijana wangu, msinicheke mimi bibi yenu Mwamini. Kila kijana anayepita hapa kwangu Alunguli akielekea msituni na sakado mgongoni, ile mifuko ya dukani yenye zipu nyingi, mimi humsimamisha. Simjui wala hanijui, lakini nitamwambia ageuke. Nikiona tako la mfuko limeshuka chini ya mfupa wa kiuno, nitamwambia arudi akabadilishe. Wajukuu zangu wanaona haya, wanaingia ndani na kufunga mlango, wanadhani akili za bibi yao zimeanza kuhama. Waache waingie. Mikono hii ilisuka vitunga vya wawindaji tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipokataa, na nikiona mgongo wa mtu najua atabeba nini na atarudi vipi.

Kitunga, kwa ninyi mliozaliwa enzi za sakado, ni kile kikapu kirefu cha mgongoni kinachosukwa kwa kekele, kamba ngumu ya msituni inayotambaa juu ya miti na miiba yake. Zamani hakikuwa na mikanda ya mabega. Kilikuwa na ukanda mmoja wa maganda ya mti, mpana kama kiganja, unaopita juu ya paji la uso. Mzigo unakaa mgongoni, lakini kichwa na shingo ndivyo vinavyouvuta. Ukiwaona wazee wenye alama ya mviringo juu ya nyusi, msidhani ni kofia.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu Kalonda. Alikuwa mwindaji wa upande wa Tunda mpaka nguruwe pori alipomvunja mguu, akahamia hapa Kindu, akakaa chini kusuka. Watu walimwambia kusuka vitunga si kazi ya mwanamke, anipeleke shambani. Akawajibu kwamba mwanamke ndiye anayejua uchungu wa nyama iliyoachwa msituni kwa kukosa pa kuitia. Baada ya hapo hakuna aliyemsumbua tena, isipokuwa mama yangu, ambaye alitaka nilime mpunga.

Mjomba alikuwa na mwiko mmoja. Hakugusa kekele kabla mteja hajampa mgongo. Atakukalisha kwenye kigoda, atatafuta kwa kidole mfupa uliochomoza chini ya shingo, kutoka hapo atashuka kwa shibiri mpaka mfupa wa kiuno. Hicho ndicho kimo cha kitunga chako na hakiongezwi. Kikishuka chini ya hapo, kila ukipanda kilima kitakupiga matakoni kama mama mkali, na ukitaka kupumzika juu ya gogo huwezi kukaa. Mdomo wake usipite kisogo, maana kamba za msituni hushika kitu chochote kinachozidi kichwa, nawe unajikuta umelala chali unatazama majani.

Sasa sikilizeni kosa ambalo wawindaji wote hulifanya, hata ninyi. Msafiri wa kawaida huondoka na mzigo mzito na kurudi mwepesi. Mwindaji ni kinyume chake. Anaondoka na chumvi, sufuria ndogo, mchele kidogo na panga, na anatarajia kurudi na nyama. Kwa hiyo akija kununua kitunga, macho yake yako kwenye nyama ambayo bado inakula majani. Anataka kikubwa. Mteja wangu mmoja, Papa Asani, alining'ang'ania mpaka nikamsukia kitunga ambacho mtoto angeweza kulala ndani. Kitu kikubwa hakipendi kukaa wazi. Alitia redio, alitia chandarua, alitia kiti cha kukunja, akatia na viatu vya kanisani, sijui angesali na nani. Alipompata nguruwe hakuwa na pa kumweka, na redio hakutaka kuiacha. Aliacha mapaja mawili kwa siafu akarudi akisikiliza muziki.

Kwa hiyo chukua kitunga cha mgongo wako, si cha tamaa yako. Nyama ikizidi, iweke juu ya moto mpaka ikauke, itapungua uzito. Ikizidi bado, kata matawi ya mchikichi, suka hapo hapo kitunga cha siku moja, fungia majani makubwa ndani ili damu isikuchuruzikie mgongoni, mpe mwenzako abebe. Ukifika nyumbani, unakitupa.

Jambo jingine ni la hatari, na hapa mjomba hakufanya mzaha, ingawa watu walicheka. Ukanda wa kwenye paji una faida ambayo sakado yenu haina. Ukitikisa kichwa nyuma kidogo tu, unateleza, mzigo unaanguka, nawe uko huru kukimbia. Mjomba alikuwa akimvika mteja kitunga kilichojaa mawe, anamtembeza uani, halafu ghafla anapiga kelele kwamba nguruwe amekuja. Asiyetupa mzigo mara moja hauziwi. Kuna mmoja aliyetupa upesi mno, mawe yakaangukia sufuria ya mama yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tulikula wali mkavu siku hiyo na mjomba akalala bila kusemeshwa.

Walikuwapo pia watu wa maumivu ya shingo, ambao walitaka mikanda ya mabega kama ya sakado. Niliwasukia wachache. Hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mikanda ya maganda inasukwa pamoja na mwili wa kitunga, haina chuma cha kukaza wala kulegeza. Ikiwa ya kimo chako hasa, inakukumbatia, na mzigo ukiwa mzito huwezi kuivua peke yako, lazima mwenzako ashike kitunga kutoka nyuma. Ikikuzidi kidogo tu, upana wa vidole vinne, ukipandisha mabega na kuyashusha inateleza kwenye mikono yote miwili na mzigo unabaki njiani. Mjomba aliiita hiyo kazi mbovu. Kama nilirudia kusuka kitunga kwa ajili ya kosa hilo, ni mara nyingi.

Na kulikuwa na desturi moja ambayo mjomba hakuipenda. Wakubwa wa zamani, waliokuwa na watu wa kuwabebea, walikuja kupimwa wao wenyewe. Kitunga ni cha mkubwa, basi kinapimwa kwa mgongo wa mkubwa, hata kama maishani mwake hatabeba hata kuku. Wabebaji waliumia, mmoja kinamburuza, mwingine kinambana. Mjomba alisema mkubwa anapenda kupimwa kama anavyopenda kusifiwa, na kwamba hakuna dawa ya hilo.

Haya yote nilidhani ni maarifa ya nyama na msitu. Kisha vita vikaja.

Ninyi mlio na umri wa wajukuu zangu mmesikia vita kwa masimulizi, na sitaki kuwajaza vitisho. Nitawaambia jinsi nilivyovijua mimi, kwa vitunga. Wenye bunduki walipofika, hawakuwa na magari, na treni ilikuwa imelala stesheni majani yakiota chini ya magurudumu. Mizigo yao ilibebwa na watu. Walisimama kwenye njia zinazotoka msituni na kutazama migongo. Mtu mwenye kitunga kikubwa waliona ni mbebaji aliyezoea, wakamchukua. Wengi waliochukuliwa hawakurudi. Basi wateja wangu wakaanza kuomba vitunga vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka nikawa nasuka vitu vya kuchezea watoto. Mtu anaingia msituni na njaa ya nyumba nzima, anarudi na kitu cha kutosha kuku wawili. Lakini anarudi.

Mume wangu Salumu alikataa. Alikuwa mtu mpana, wa mabega, na alikuwa mwindaji wa kweli, mwenye kiburi chake. Alisema hatatembea na kikapu cha mayai. Tuligombana, nikashindwa, nikamsukia cha kimo chake. Alikwenda upande wa Lokandu akakaa juma zima, akarudi na nyama kavu, na pale pale alipotaka kuvuka mto wakamkuta. Nyama wakala wao. Yeye walimtia katika behewa la mizigo stesheni pamoja na wanaume wengine wa mtaa wetu, akiwemo Amisi, mume wa jirani yangu Mama Riziki. Walikuwa wakiwakusanya kwa ajili ya safari kubwa ya kuelekea mashariki.

Hapo ndipo kila kitu kilipobana. Wenye bunduki hawakuwapa wafungwa chakula, wake ndio waliopeleka. Hatukuruhusiwa kuwaona. Unafika karibu na reli, unamkabidhi bakuli askari wa mlangoni, unaondoka, kesho unarudishiwa bakuli tupu. Askari huyo alikuwa mwembamba kama ufito, ana kovu kidevuni, na hakuwahi kuitikia salamu yangu hata mara moja. Bakuli langu lilirudi limekwanguliwa, hakuna hata punje ya wali. Mama Riziki alinitazama siku moja akasema nisijidanganye, yule wa kovu ndiye anayekula. Akaacha kupeleka. Alisema hatalisha mtu aliyemfungia mumewe, afadhali wali wake uliwe na watoto. Wake wengine wakamfuata, na mimi nilijua wana haki, kwa sababu mchele wenyewe ulikuwa wa kuhesabu punje. Mimi niliendelea. Nilijiambia labda anakula nusu na nusu inafika.

Kisha komanda wa wenye bunduki hao akaja nyumbani kwangu. Alikuja mchana kweupe na watu wake, wakatupa uani mafungu ya kekele waliyokuwa wamewakatisha watu. Mtu mkubwa, mwenye sauti ya chini. Alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

"Mama, njo weye unasukaka vitunga?"

Nikasema ndiyo, ndimi ninayesuka.

"Wantu wenu wanatupaka mizigo yetu mu pori. Anatikisa kichwa, mukanda unatoka, muzigo iko chini, yeye ameshapotea. Sitaki tena ile ya kichwa. Suka ya mabega. Na mukanda isikuwe na fundo, isifunguliwe. Muzigo moja ikipotea, tutarudi hapa kwako."

Nilielewa kila neno. Alitaka niwafunge waume zetu kwa mikono yangu mwenyewe, na kekele iko pale mbele yangu, na watoto wangu wako nyuma ya mlango. Kukataa hakukuwepo. Lakini ndani ya woga ule, mikono ikafanya ilivyozoea, ikachukua kamba ya kupimia, na mdomo ukasema kile ambacho ungemwambia mteja yeyote.

"Mukubwa, sijuwe kusuka bila kupima. Geuka nikupime."

Akanitazama. "Unipime miye? Miye sitabeba kitu."

"Kwetu hapa kitunga kinapimiwaka mwenyewe. Hivi vyote, mwenyewe njo weye."

Watu wake walimtazama kuona kama atakasirika. Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akageuka, akanipa mgongo. Mjomba Kalonda alikuwa ameshakufa, lakini siku hiyo nilimshukuru. Wanaume waliofungwa wiki kadhaa bila chakula, migongo yao ingekuwa imenyauka, na mimi nitasuka mikanda ya mtu aliyeshiba. Nilitafuta mfupa chini ya shingo nzito ya komanda, nikaanza kushuka kwa shibiri, na nilipofika kiunoni mkono wangu ulijua kabla yangu. Kilikuwa kipimo cha Salumu. Shibiri zile zile na kipande kile kile cha kidole, upana wa mabega ule ule. Nilikuwa nimeusukia mgongo huo majuzi tu.

Ningefanya nini? Komanda alikuwa ameshasimama, amepimwa, ameridhika. Nikisema nimpime mwingine ataniuliza kwa nini. Nikapiga mafundo kwenye kamba, nikamwambia avifuate baada ya siku chache.

Nilisuka. Mama Riziki alikuja kunisaidia kubandua kekele, hakujua lolote, na mimi sikumwambia, maana siri ya namna hiyo ikiwa na masikio manne ni mauti. Kila kitunga kilitoka sawasawa na mwenzake, kizuri, imara, mikanda imesukwa ndani ya mwili, hakuna fundo. Kazi ya kuonyesha. Na kila nilipovuta kamba niliwaza behewa lile. Kama Salumu amekonda kama wengine, kitamzidi, atapandisha mabega na kuyashusha na atakuwa huru. Kama hajakonda, kitamkumbatia na hatakivua mpaka afe. Uhai wa mume wangu ulikuwa upana wa vidole vinne vya nyama mwilini mwake, na nyama hiyo ilitegemea bakuli langu.

Mnaelewa nilipofikia? Niliamka asubuhi, nikapika, nikasimama na mwiko mkononi. Nisipopeleka, atakonda. Nisipopeleka, labda atakufa kabla ya safari. Nisipopeleka, yule wa kovu atajiuliza kwa nini mwanamke aliyekuja kila siku ameacha juma lile lile anapowasukia vitunga. Siku moja nilipunguza kijiko kimoja cha wali. Nikakitazama kile kijiko. Nikakirudisha bakulini, nikaongeza na sombe. Njiani nililia, na nilipompa askari bakuli nilimtazama mbavu zake zilizochomoza chini ya shati nikamwomba Mungu, namwambia Mungu waziwazi, ee Mola, mfanye huyu mtu awe mwizi. Ale vyote. Asimwachie Salumu hata ukoko. Sijawahi kuomba dua chafu kama ile na sijawahi kuomba kwa moyo kama ule.

Komanda alikuja kuvichukua. Alivaa kimoja mwenyewe, kama nilivyojua atafanya. Watu wake wakakijaza masanduku yao madogo mazito, na yeye akatembea uani kwangu, akaruka, akainama mpaka chini, akajitikisa kama mbwa aliyetoka majini. Kitunga kilimkaa. Akamwambia mtu wake akivute kutoka nyuma kwa nguvu, naye akavuta, na komanda akayumba na kitunga chake bila kuachana nacho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiitazama mikanda. Komanda akanigeukia. Kisha akasema, "Weye njo fundi, Mama," akaagiza wavibebe wote.

Waliondoka siku iliyofuata. Wanawake tulifukuzwa barabarani, hatukuona mtu. Bakuli langu halikurudi.

Sasa ninyi mtataka kujua siku ngapi zilipita. Sikuhesabu. Nilikuwa nikisubiri vitu viwili, mume au wenye bunduki, na kila mlango ulipogongwa sikujua ni kipi. Aliyekuja kwanza ni Amisi. Aliingia kwa mkewe kupitia nyuma, miguu imekatikakatika, uso umebaki mifupa. Mama Riziki alinivuta kwa mkono. Amisi aliponiona akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Alisimulia. Walipofika mtoni mbali kidogo aliinama kunywa maji, na mikanda ikamteleza yenyewe, masanduku yakaingia majini. Alidhani ni bahati. Alipotazama wenzake aliona kila mtu anarekebisha mikanda, kila mtu kitunga kimemzidi. Wanaume wa msituni hawahitaji kuambiwa mara mbili. Msitu ulipobana na walinzi wakatengana, mmoja alipandisha mabega akatoweka, kisha mwingine, halafu wakawa wengi. Mizigo ilibaki imesimama njiani na mikanda yake kama watu waliokaa kupumzika. Walinzi walipiga risasi kwenye majani, lakini hakuna waliyempata.

Nikamwuliza. "Na Salumu?"

Amisi akaacha kucheka. "Salumu hakukuwa amekonda, Mwamini. Siye wote tulikonda, yeye hapana. Ya kwake ilimukaa. Nilimuona anajaribu. Ilimukaa sana."

Mama Riziki alimtazama mumewe aliyekonda, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipoelewa vitunga vile, na bakuli lake alilolizuia, na bakuli langu. Mimi nilirudi nyumbani nikakata kamba yangu ya kupimia vipande vipande kwa panga. Kulikuwa na hasira ndani yangu ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa komanda, ndiyo. Lakini zaidi nilimkasirikia yule askari wa kovu. Mwenye njaa, mwenye bunduki, bakuli la wali mikononi mwake kila siku na hakuna wa kumwona, na yeye hakula! Niliwaza kwamba hata wema una wakati wake, na huyu amechagua wakati wa kuniua. Watu wa mtaa walikuja mmoja mmoja kunishukuru kwa ajili ya waume na ndugu zao, na mimi niliwakaribisha, nikawapa viti, na nilitamani waondoke.

Msimu ukapita. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena. Wenye bunduki wale walikuwa wameshaondoka bila kurudi kwangu, wamekuja wengine ambao hawakujua habari za vitunga. Siku moja mchana nilikuwa uani napepeta mchele, kivuli kikaangukia ungo. Nilidhani ni mteja. Niliinua macho nikaona miguu ninayoijua.

Sikumkumbatia. Msinishangae. Nilimwambia avue shati, nikamzungusha, nikatazama mgongo wake na mabega yake, kama fundi anavyotazama. Nimeona wabebaji waliorudi kutoka safari zile ambao hawakuvishwa kitu cha kimo chao. Mabega yao yalikuwa vidonda vinavyooza, kitunga kimewala mpaka mfupa, na wengi wa wenzao hawakufika popote, kwa sababu mbebaji asiyeweza kusimama aliachwa hapo hapo alipokaa. Mgongo wa Salumu ulikuwa mweusi, mgumu, mzima. Hapakuwa na kidonda hata kimoja.

Alikuwa ametembea mpaka upande wa Kabambare na mbali zaidi. Siku moja kundi lile lilishambuliwa, kila mtu akakimbia njia yake, na kabla ya kukimbia kuna mtu alimkatia mikanda kwa panga. Hakuniambia ni nani mpaka alipokaa kigodani.

"Mwenye kovu," akasema. "Yule wa mlango. Njo yeye alinikatia. Na kule mu behewa alikuwa ananiletea chakula yako kila siku. Anasimama kwa mlango mupaka ninamaliza, wengine wasininyang'anye. Ananiambia, kula, bibi yako amelia njiani."

Nikamwambia. Sikuweza kukaa nalo hata saa moja. Nilimwambia habari za vidole vinne, na kijiko cha wali, na dua niliyoomba. Nilimwambia kwamba nilitaka akonde, kwamba nilimwombea njaa mume wangu mwenyewe, na kwamba kama Mungu angenisikia angekuwa amerudi na Amisi. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama mikono yangu.

"Ao ningerudi na Amisi," akasema polepole, "ao ningekufa mu behewa mbele ya kuondoka. Wawili walikufa mule, Mwamini. Weye hukujua. Miye nilibeba ile kitunga yako kila siku, na wale wenye kubakia na vya kuwazidi niliwaona wanaanguka. Ya kwangu ilinikaa." Kisha akasema, "Nina njaa."

Nikaenda jikoni. Wali ulikuwepo, na sombe ya jana. Nikampakulia sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Akala, akaomba tena, nikampakulia tena.